Sikukuu za Waingereza na Mizizi Yake

Taifa laweza kusahau sala zake, lakini kalenda yake haisahau upesi. Mwenye kutaka kuuona ukweli wa neno hili na aitazame kalenda ya Waingereza tangu Januari hata Desemba. Ataona nchi ambayo watu wengi hawaendi tena kanisani siku ya Jumapili, na hata hivyo mwaka wake ungali umejengwa juu ya mwaka wa Kanisa.

Tuanze na jambo la serikali tupu, yaani kodi. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili. Kwa nini tarehe kama hiyo? Zamani mwaka mpya wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari. Siku hiyo kodi za mashamba zililipwa na hesabu zikafungwa. Papa Gregori XIII alirekebisha kalenda mwaka 1582, lakini Uingereza, iliyokuwa imejitenga na Roma, haikuyapokea marekebisho hayo mpaka mwaka 1752. Ndipo siku 11 ziliporukwa: watu walilala tarehe 2 Septemba, wakaamka tarehe 14. Wenye hesabu hawakukubali kuzipoteza siku hizo. Wakausogeza mbele mwisho wa mwaka wao, ukaangukia Aprili. Basi mtoza kodi wa London, ajue asijue, bado huhesabu kwa sikukuu ya Mama wa Mungu.

Ndivyo ilivyo katika Kwaresima pia. Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu Waingereza huiita kwa neno la kale lenye maana ya kuungama. Zamani waliungama kwanza, kisha wakapika chapati za maji ili kumaliza mayai na mafuta yaliyokatazwa wakati wa mfungo. Leo chapati zingali zinapikwa. Wanaoungama ni wachache. Jumapili ya nne ya Kwaresima watumishi vijana walipewa ruhusa kurudi kwao, wasali katika kanisa la nyumbani na kuwaona mama zao. Leo ni siku ya kuwapa akina mama maua na kadi. Alhamisi Kuu Mfalme huwagawia wazee fedha maalum, wanaume kwa idadi ya miaka ya umri wake na wanawake kwa idadi iyo hiyo. Wafalme wa kale waliwaosha maskini miguu pia, kwa kufuata amri ya Bwana Wetu. Kuosha miguu kumeachwa, sarafu zimebaki.

Sheria nayo imezigusa sikukuu hizi mara nyingi. Mwaka 1647 Bunge la Wapuritani lilipiga marufuku Noeli, nayo ikarudi rasmi pamoja na mfalme mwaka 1660. Huko Scotland Noeli haikuwa siku ya mapumziko ya umma mpaka mwaka 1958. Sheria ya mwaka 1871, iliyoletwa Bungeni na Sir John Lubbock, iliwapa watu wa Uingereza mapumziko manne, na mojawapo lilikuwa Jumatatu ya Pentekoste. Lakini Pentekoste huhamahama pamoja na Pasaka, na jambo hilo liliwasumbua wenye kazi. Hivyo sheria ya mwaka 1971 ikaweka mahali pake Jumatatu ya mwisho ya Mei. Mapumziko yakabaki, jina la sikukuu likaondoka.

Haki yatudai tuitaje pia siku iliyozaliwa na chuki. Tarehe 5 Novemba 1605 iligunduliwa njama ya Wakatoliki wachache, Guy Fawkes akiwa miongoni mwao, ya kulilipua Bunge kwa baruti pamoja na Mfalme James I. Dhambi yao ilikuwa kubwa, na adhabu yake iliwaangukia Wakatoliki wengi wasio na hatia kwa vizazi vingi. Kuanzia mwaka 1606 hata 1859 sheria iliamuru ibada ya shukrani kila mwaka siku hiyo, na mahali pengine sanamu ya Papa ilichomwa moto. Leo, kwa walio wengi, ni usiku wa mioto na fataki za kufurahisha watoto tu. Kumbe kusahau kwaweza pia kuponya! Kwa hiyo yatupasa kupambanua kumbukumbu ipi iachwe ife, na ipi itunzwe.

Tusiwacheke Waingereza, maana siku yao moja ingali katika kalenda yetu Tanzania: tarehe 26 Desemba, Boxing Day. Wako wanaodhani ni siku ya mchezo wa ngumi. Jina hilo latokana na neno la Kiingereza la sanduku, kwa sababu siku hiyo watumishi na maskini walipewa masanduku ya zawadi na sadaka. Tena ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza, aliyekuwa mmoja wa wale saba waliochaguliwa ili wajane wasisahauliwe katika ugawaji wa chakula.

Basi, wazazi Wakristu, waelezeni watoto wenu asili ya siku hiyo. Na kabla pilau ya Noeli haijapashwa moto tena, sahani ya kwanza na ipelekwe kwa mjane aliye jirani.