Kompyuta Inayokwama kwa Kungoja Mtandao

Tuchukue shule ya msingi katika wilaya ya Kongwa au Mpwapwa. Umeme ulikatika usiku. Asubuhi umerudi, lakini mtandao wa nje haujarudi. Mwalimu anawasha mashine kuu inayohifadhi masomo, nayo inakwama. Kipindi ni cha dakika 40, na watoto wanakodolea macho vioo vitupu. Kosa liko wapi?

Kompyuta inapowashwa hutekeleza amri zilizopangwa kwa mfuatano. Baadhi ya amri hizo huomba anwani ya mtandao. Asipopatikana wa kuitoa, amri husubiri, na kazi zilizopangwa kuifuata husubiri pamoja nayo. Katika Ubuntu ya mashine kuu, kikomo cha kungoja kwa kawaida ni sekunde 120. Katika Debian chaweza kufika dakika 5, yaani sehemu moja ya nane ya kipindi.

Tunapofundisha jambo hili tusianze na istilahi, bali na mstari wa asubuhi. Kiranja ametumwa ofisini kuleta chaki, naye hajarudi. Je, shule nzima isimame juani? Waulizeni wanafunzi, muyaandike majibu yao ubaoni. Myaongoze yafikie mambo matatu: kiranja awekewe muda, wasiohitaji chaki waendelee na kazi, na kuchelewa kwake kuandikwe ili kufuatiliwe.

Hayo ndiyo matengenezo yenyewe. Kwanza, amri mliyoitunga wenyewe itangulizwe neno «timeout» na idadi ya sekunde, ili ikatizwe muda ukiisha. Pili, njia ya mtandao wa nje isiwe sharti la kuwaka kwa mashine. Katika Ubuntu, njia hiyo huandikiwa «optional: true» ndani ya faili la Netplan, katika Debian, neno «allow-hotplug» hushika mahali pa «auto». Tatu, «journalctl -b» isomwe ili ijulikane ni amri ipi iliyochelewa.

Hata hivyo, tusiweke kikomo kifupi mno, kwani mtandao ulio mzito tu utahesabiwa kuwa umekufa. Wala kazi isiyowezekana bila mtandao isilazimishwe. Iachwe ingoje peke yake.

Zana hujaribiwa kabla ya somo. Siku moja kabla ya kipindi, chomoeni waya wa mtandao wa nje, washeni mashine, mhesabu sekunde. Ikiwaka bila waya huo, kesho watoto watasoma hata mtandao usiporudi.