SOMO LA WIKI: Kipimajoto chenye laini ya simu, gharama iko wapi?

Mfanyabiashara anayetaka kuuza vifaa vya afya katika Wilaya ya Chemba, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, asiangalie bei ya kifaa peke yake. Baadhi ya vifaa vya siku hizi vina laini ya simu ndani yake. Mtandao ukikosekana, mteja amenunua nusu ya bidhaa.

Tuchukue kipimajoto cha jokofu la chanjo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Sentigredi. Ile ya homa ya ini aina ya B ikiganda haifai tena. Joto likitoka nje ya mipaka hiyo usiku, kifaa hutuma ujumbe kwa mganga mfawidhi na mratibu wa chanjo wa wilaya, ili shehena iokolewe mapema.

Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160. Kipimo kimoja, mathalani 5.4, pamoja na nafasi yake ni herufi 4. Vipimo 24 vya siku nzima ni herufi 96. Ujumbe mmoja kwa siku unatosha.

Tuseme umeuza vifaa 40 na umeahidi huduma ya mwaka mzima. Kwa ujumbe mmoja kila siku ni jumbe 14,600, kwa Sh. 20 kila mmoja ni Sh. 292,000. Robo ya vifaa vikihitaji fundi, ni safari 10, kwa Sh. 60,000 kila moja ni Sh. 600,000. Safari imegharimu zaidi ya mara mbili ya ujumbe. Anayesahau safari katika hesabu zake atakula mtaji.

Kabla ya kuagiza mzigo, uliza:

1. Kifaa kinatumia kizazi gani cha mtandao? Australia ilipofunga 3G mwaka 2024, vifaa vya dharura vya wagonjwa vilivyoitegemea vilihitaji kubadilishwa.

2. Mnara ukizimika, kifaa huhifadhi vipimo na kuvituma baadaye?

3. Laini imesajiliwa kwa jina la nani, na nani atailipia mwaka wa pili?

4. Je, kifaa kimekubaliwa na TMDA kama kifaa tiba, na TCRA kama chombo cha mawasiliano?

Mwezi Mei 2023 serikali ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Hata hivyo, usiuze kwa kutegemea ramani. Pima mtandao pale jokofu lilipo, si barabarani, ndipo utaje bei.