Dondoo muhimu: Kipindi cha kwanza cha hisabati chuoni

Unaanza kufundisha hisabati chuoni, Songea au Mbinga? Yaseme haya kabla ya mada ya kwanza.

Anza na alama. Vyuo vikuu vyetu vingi hutenga 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Piga hesabu ubaoni: mwenye 14 kati ya 40, akitaka kufikisha 50, lazima apate 36 kati ya 60. Ukimya utakaofuata unatosha.

Jibu tupu halina alama, zinasahihishwa hatua. Kule Umatengo, Mbinga, hili halihitaji maelezo marefu: shamba la ngoro hukaguliwa kwa vishimo na matuta yake hata kabla mahindi hayajaota.

Kazi ikichelewa, makato yajulikane. Msiba au ugonjwa, ujumbe wa simu unatosha. Na usipange kukusanya Jumatatu asubuhi ikiwa nusu ya darasa hushuka Mbamba Bay wikendi.

Kusaidiana ruksa, kunakili marufuku. Unayemshuku mpe chaki aeleze mstari wa tatu. Mimi sijaona adhabu kali kuliko hiyo.

Kikokotoo: taja kinaporuhusiwa.

Nawe rudisha majaribio ndani ya wiki mbili.