Nira Ukutani: Somo Nililofundishwa na Babu



Siku hizi ukiingia kwenye vyumba vya vijana wengi utakuta vitu vya shamba vimegeuzwa mapambo. Kinu cha zamani kimekuwa kigoda, chemli imewekewa balbu, ungo umetundikwa sebuleni, gurudumu la mkokoteni limekuwa meza. Mimi mwenyewe napenda sana. Leo tujifunze jambo moja kutokana na mtindo huu, na nitaanza na kosa langu.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Mbarali. Kwa muuza vyuma chakavu nikaona nira, ule mti mrefu unaolazwa shingoni mwa ng'ombe wawili wanapovuta plau. Yeye alichotaka ni pete ya chuma ya katikati tu. Mti angeupeleka jikoni ukawe kuni. Nikampa elfu tano, nikabeba nira nzima begani. Mpango wangu ulikuwa kuitundika sebuleni na kuipiga misumari ya kuning'iniza kofia na rozari.

Nikaiosha, nikaianika kivulini, nikatoa kutu kwenye pete kwa brashi ya waya. Halafu nikaingia na msasa. Nilisugua jioni nzima mpaka mti ukawa laini kama wa dukani. Nikapaka vanishi, nikatundika, nikapiga picha.

Kesho yake babu akaja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii umeitoa wapi?"

Nikamweleza. Akapitisha kiganja chini ya mti, polepole, upande huu na upande ule. Akanyamaza kidogo.

"Umepafuta," akasema.

"Nimefuta wapi, babu?"

"Mahali pa shingo."

Kumbe nira iliyofanya kazi huwa na mabonde mawili yanayong'aa, yaliyosuguliwa na shingo za ng'ombe mwaka hadi mwaka. Mimi niliyaona nikadhani ni uchakavu. Babu alilima kwa ng'ombe tangu ujana wake mpaka pawatila zilipoenea kijijini. Mimi nimesoma falsafa miaka mitatu, nimeandika kurasa nyingi kuhusu uwepo wa vitu, na sikuwahi kumuuliza babu hata siku moja alilimaje.

Kitu ni nini?

Aristotle anafundisha kwamba ukitaka kukielewa kitu, uliza mambo manne: kimetengenezwa kwa nini, kina umbo gani, nani amekitengeneza, na ni kwa kusudi gani. Anayegeuza kitu cha kale kuwa pambo anachukua maada ileile na kuipa kusudi jipya. Hapo hakuna ubaya. Lakini msasa wangu ulinionyesha swali la tano: ni nani waliokitumia?

Mtakatifu Benedikto alilijua hilo. Katika sura ya 31 ya Kanuni yake, aliyoiandika karne ya 6, anataka mtunza ghala wa monasteri avitazame vyombo na mali zote kama vyombo vitakatifu vya altare. Si kalisi peke yake, jamani. Hata jembe, hata ndoo.

Fundi wa nira

Mtakatifu Yustino Shahidi, katika karne ya 2, aliandika kwamba Yesu alipofanya kazi ya useremala alitengeneza plau na nira. Kwa hiyo tunaposoma Mathayo 11:28-30, anayesema nira yake ni laini ni fundi anayeijua kazi hiyo. Anajua nira iliyochongwa vibaya inavyochubua shingo.

Babu akaniongezea somo ambalo darasani sikulipata. "Ng'ombe mchanga hafundishwi kwa maneno," alisema. "Unamfunga pamoja na mkubwa aliyezoea. Anatembea naye tu, mwisho anajua." Usiku nikaifungua tena Injili. Palepale Yesu anapotualika kujitia nira yake, anataja kujifunza kwake. Nira ni ya wawili! Hatuvuti peke yetu.

Swali gumu

Sasa tuambiane ukweli. Wengi wetu tumetundika ungo ukutani, lakini bibi aliyekuwa akipepeta kwa ungo huo hatujampigia simu mwezi mzima. Tunakiheshimu chombo, mkono uliokishika tunausahau. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliuzungumzia utamaduni wa kutupa: unageuza vitu kuwa takataka haraka, na unawagusa vilevile watu waliowekwa pembeni. Mzee asiyeweza kulima tena si chuma chakavu. Na wewe uliyefeli mtihani au kukosa kazi, usikubali kujiita hivyo.

Kabla hujageuza kitu

1. Uliza kama kweli kimestaafu. Jembe linalohitaji mpini tu bado ni jembe. Mpe jirani akalime.
2. Uliza historia yake kwa aliyekitumia, au kwa mzee anayekijua.
3. Safisha, usifute. Brashi na kitambaa mara nyingi vinatosha. Acha alama za kazi. Ukiona unga wa bungua, tibu mbao kwanza kabla ya kuiingiza ndani.
4. Dumu au chupa ya dawa za kilimo usiigeuze chochote, hata chombo cha maua. Sumu hubaki.

Maswali ya kutafakari

- Ni alama gani za maisha yangu ninazozifuta kwa aibu, kumbe ni ushuhuda wa kazi?
- Soma 1 Wafalme 19:19-21. Elisha aliigeuza nira kuwa kuni ili amfuate Eliya. Je, kuna cha kale ninachokitunza ambacho Mungu anataka nikiache?
- Wiki hii nitamtembelea mzee gani, na nitamuuliza nini?

Nira bado iko ukutani. Upande wa kulia, ukiweka kiganja, bonde linasikika kidogo. Babu akija huligusa kwanza, ndipo anakaa. Nami nakaa karibu yake, nauliza.

Tuombe. Ee Yesu, fundi wa Nazareti, utufunge pamoja nawe. Utufundishe kuheshimu kazi ya waliotutangulia, nasi tusimtupe mtu yeyote. Amina.