Tableti na Kijiti: Kumfunza Mtoto Kuandika



Mwaka 2017 hadi 2019, watoto wa vijiji karibu 170 vya Tanga, Tanzania, walijifunza kusoma na kuandika kwa tableti zenye masomo ya Kiswahili. Wengi hawakuwa wakienda shule. Basi hata sisi twaweza.

Lakini kioo chateleza, hakimzoezi mtoto kushika penseli. Tufanye hivi:

1. Afuatishe herufi moja kwa kidole kwenye tableti.
2. Aichore mchangani kwa kijiti.
3. Aiandike kwa penseli.

Mzazi asiyejua kusoma akae hapo hapo. Naye ataona herufi yaanzia wapi, ajifunze pia.

Tujadiliane: Tableti ikiwa moja, watoto watapokezana vipi? Nani atakaa nao jioni?