Picha za Ndani ya Nyumba: Jinsi ya Kutawala Kina cha Picha

Picha nyingi za jamaa zipigwazo ndani ya nyumba huharibika kwa namna moja. Uso wa aliyeketi mbele huwa safi, lakini uso wa aliyesimama nyuma yake hufifia kama kwamba umefunikwa na ukungu. Watu husema kamera ni mbovu, na kumbe kamera haina hatia. Kinachokosekana ni ujuzi wa kina cha picha, yaani nafasi ile, kutoka mbele hadi nyuma, ambayo vitu vilivyomo huonekana wazi. Picha ya babu au nyanya aliyekula chumvi nyingi pengine haitapigwa mara ya pili. Kwa hiyo yafaa jambo hili lieleweke kabla ya siku yenyewe.

Jambo la kwanza ni tundu la lenzi. Tundu hili hupanuka na kufinyika mfano wa mboni ya jicho, na ukubwa wake huonyeshwa kwa namba. Namba hizo huwatatiza wanaoanza, kwa sababu namba ndogo ni tundu kubwa. Namba hupatikana kwa kugawanya milimita za lenzi kwa upana wa tundu: lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 husomwa 2, na tundu likifinywa hadi milimita 6 na robo, husomwa 8. Tundu kubwa huleta kina kifupi. Tundu dogo huleta kina kirefu.

Jambo la pili ni umbali. Tuseme kamera ni ya picha ya milimita 36 kwa 24, lenzi ni ya milimita 50, na mtu ameketi mita 1 na nusu kutoka kwenye kamera. Kwa namba 1.8 kina ni kama sentimita 10 tu: macho yatakuwa safi na masikio yatafifia. Kwa namba 8 kina ni kama sentimita 44. Lakini mpiga picha akirudi nyuma hadi mita 3, akabaki na namba 1.8, kina hufika karibu sentimita 39. Umbali umeongezwa mara 2, na kina kimeongezeka mara 4.

Mbona basi tundu lisifinywe daima? Kwa sababu ndani ya nyumba mwanga ni haba. Namba 8 hupitisha mwanga pungufu mara 20 kuliko namba 1.8. Ikiwa kwa namba 1.8 sehemu 1 ya 200 ya sekunde yatosha, kwa namba 8 itahitajika sehemu 1 ya 10. Katika muda huo mkono hutikisika na mtoto hugeuza kichwa. Kuongeza namba ya ISO husaidia, lakini ikizidishwa mno picha hujaa chembechembe.

Kwa hiyo mpiga picha mwenye busara hupanga watu kabla ya kugusa namba. Huwaweka karibu na dirisha au mlango ulio wazi, nyuso zikielekea mwangani. Wa nyuma huwasogeza karibu kabisa na migongo ya wa mbele, ili nyuso zote zikaribie kuwa katika mstari mmoja. Kisha hurudi nyuma kadiri chumba kinavyoruhusu, na hapo ndipo hufinya tundu kwa kiasi kinachohitajika tu. Kamera ikiwekwa juu ya meza imara, mkono hautaitikisa, ila walioketi nao hawana budi kutulia.

Kwa picha ya mtu mmoja, kina kifupi chaweza kuwa na faida. Mtu huyo akiketi mbali na ukuta, tundu likapanuliwa, na lenzi ikalengwa kwenye jicho lililo karibu zaidi na kamera, kalenda na vyombo vilivyo nyuma yake hufifia, na uso wake hubaki peke yake machoni pa mtazamaji.