Samaki wa Feri hadi Dodoma: iache barafu iyeyuke

Nikienda Dodoma kwa ndugu zangu, mzigo wangu ni samaki: changu, vibua, na kipande cha jodari nikikuta bei nzuri pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Naulizwa mara nyingi wanafikaje wakiwa bado na macho maang'avu baada ya kutwa nzima ndani ya basi. Jibu ni barafu, na zaidi ni kuiacha barafu hiyo iyeyuke.

Wasafiri wengi hufanya kinyume. Hugandisha maji kwenye chupa ili samaki wasilowe, na wakifika wakikuta chupa bado ngumu hufurahi. Mimi hapo huingiwa na wasiwasi. Barafu ambayo haikuyeyuka haikuchukua joto lolote la maana, kwa hiyo joto la samaki limebaki ndani ya samaki.

Kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 za Selsiasi huhitaji kilojuli 334 ili iwe maji ya nyuzi 0 zilezile. Kipimajoto hakitasogea hata kidogo, kwani joto lote hilo linatumika kulegeza molekuli zilizoshikana ndani ya barafu. Ukiyapa maji yaliyotokea kiasi hichohicho cha joto, yatapanda kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80! Joseph Black, daktari na mkemia wa Uskoti, ndiye aliyelichunguza jambo hili kwa vipimo miaka ya 1760, akaliita joto lililojificha. Ndiyo sababu pia simhangaikii muuzaji anayejisifu kwamba barafu yake imetoka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ubaridi huo wa ziada humeza kilojuli 38 tu kwa kilo. Kazi kubwa inafanyika wakati wa kuyeyuka.

Sasa tupige hesabu ya deli. Kilo 10 za samaki wenye joto la nyuzi 28, kuwashusha hadi karibu na sifuri, zinatoa takriban kilojuli 980. Hapo kilo 3 za barafu zimekwisha kabla hujatoka mjini. Joto lingine linapenya kwenye kuta. Deli la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, lenye kuta za povu nene sentimita 3, hula karibu nusu kilo ya barafu kila saa nje kukiwa na nyuzi 30. Kwa saa 8 ni kilo 4. Jumla ni kilo 7, na buti la basi huwa na joto kuliko hewa ya nje. Kwa hiyo nanunua kilo ya barafu kwa kila kilo ya samaki, wala sipunguzi.

Samaki nawatoa matumbo na matamvua palepale sokoni, nawasuuza vizuri. Bonge la barafu naliweka ndani ya gunia safi na kuliponda kwa nyundo mpaka vipande viwe vidogo, maana vipande vidogo vinamgusa samaki pande zote. Natandika barafu chini, najaza nyingine matumboni, nawalaza samaki tumbo likielekea chini ili maji yasituame humo, kisha barafu tena, safu kwa safu, na safu nene juu kabisa. Maji ya barafu yanayotiririka katikati yao hupoza haraka kuliko hewa baridi, tena huondoka na damu na ute. Tundu la chini naliacha wazi likiingia kwenye kidumu, kondakta asilalamike.

Chumvi usitie. Inashusha kiwango cha kuyeyuka chini ya sifuri, na nyama iliyogusana nayo huanza kuganda polepole na kuharibika.

Tukishushwa, kama bado kuna mwendo, nafunika deli kwa gunia lililoloweshwa na kuliweka kivulini penye upepo. Kila kilo ya maji inayogeuka mvuke huondoka na kilojuli zipatazo 2,400, na sehemu yake inatoka kwenye deli. Dodoma hewa ni kavu, gunia linasaidia sana. Dar es Salaam, penye unyevu mwingi, usilitegemee.

Ukifika, ingiza mkono katikati ya samaki. Ukikuta barafu inayoyeyuka imewagusa kila upande, wako karibu na nyuzi 0 na unaweza kuwapanga kwenye friji bila hofu. Barafu ikiwa imekwisha lakini samaki bado ni baridi, wapike siku hiyohiyo. Jodari, vibua na nguru waliopata joto kwa saa kadhaa watupe, hata kama inauma. Humo hutengenezwa histamini, sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.